Pimeni Masi Kabla ya Kuhukumu Mota

Hotuba kwa mafundi, mashofere na wanafunzi wa garaji, Lubumbashi, kabla ya mvua kuanza

Jambo yenu wote. Wazee wa garaji, mafundi wa umeme, mashofere, na ninyi vijana mliokaa mbele na daftari, asanteni kwa kuja.

Jakaranda zimeanza kumwaga maua barabarani. Kila mkaaji wa mji huu anajua maana yake: joto limepanda, vumbi jekundu limeingia kila pembe, na baada ya wiki chache mvua itashuka. Tangu mwezi wa tano magari mengi hapa hayajawasha waipa za kufuta kioo, au yamewasha kidogo tu kufuta vumbi asubuhi. Grisi ya mota imeganda, vichwa vya waya vimeota kijani, mpira umegandamana na kioo. Kisha mvua ya kwanza inamkuta shofere kwenye barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa, nyuma ya lori la shaba linalomrushia matope. Anavuta komodo, ile swichi ya mkono kando ya usukani, waipa hazitikisiki. Kesho yake anakuja kwetu, na sisi tunamwambia: "Mota imekufa, tafuta nyingine."

Mota nyingi tunazozihukumu hivyo ni nzima. Ugonjwa uko kwenye waya, kwenye fyuzi, kwenye komodo, na mara nyingi kuliko zote uko kwenye masi, ile njia ya umeme kurudi betri. Mwenye gari analipa pesa ya mota iliyotumika, tunaifunga, inafanya kazi siku tatu kwa sababu tulipoifungua tulitikisa waya, halafu inasimama tena. Pesa yake imekwenda na sifa yetu imekwenda. Ndiyo maana leo nitazungumza juu ya kupima.

Hapa kwetu tunasema esuiglasi, lakini wanaoleta magari na vipuri kupitia Dar es Salaam wanasema waipa, na nitatumia neno hilo kwa kuwa ni fupi. Masi ni ule mwili wa chuma wa gari pamoja na waya zote zinazorudisha umeme kwenye upande wa kutoa (−) wa betri.

Njia ya umeme ni hii. Unatoka betri, unapita fyuzi kubwa, unapita kontakti, yaani swichi ya ufunguo, unafika fyuzi ya waipa, unaingia komodo, katika magari mengi unapita pia rele, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, unaingia mota, unatoka kwa masi, unarudi betri. Ni mzunguko mmoja. Ukikatika popote, hata pale pa kurudi, mota inanyamaza. Fundi anayeangalia upande wa kwenda tu ameangalia nusu ya kazi.

Kabla ya kugusa waya, tumieni masikio. Mmoja akae ndani avute komodo, mwingine asimame karibu na kioo, mikono mbali na fimbo zinazounganisha mota na mikono ya waipa. Mota ikilia lakini mikono ya waipa haitembei, huo si umeme: nati imelegea na meno yamelika, au fimbo imechomoka kwenye kiungo. Mota ikinguruma bila kuzunguka, zimeni haraka. Mota inayofanya kazi vizuri juu ya kioo chenye maji huvuta ampea 3 hadi 5, lakini iliyokwama huvuta 20 hata 30, na joto lake huunguza waya za ndani. Mota ikiwa kimya kabisa, hapo ndipo kazi ya umeme inaanza.

Anzeni na fyuzi, na msiitazame tu kwa macho. Fyuzi za bapa zina vidoti viwili vya chuma mgongoni, vimewekwa ili upime bila kuichomoa. Washa kontakti, gusa doti moja na taa ya kupimia, kisha ya pili. Zote zikiwaka, fyuzi ni nzima. Ikiwaka moja, imekatika. Zikikosa zote, rudi nyuma, umeme haufiki hapo. Angalia fyuzi kubwa na kontakti yenyewe. Fyuzi ya waipa kwa kawaida ni kati ya ampea 15 na 30, na rangi hazibadiliki kutoka gari moja hadi jingine: buluu ni 15, njano ni 20, isiyo na rangi ni 25, kijani ni 30. Kifuniko cha sanduku kinaeleza ipi ni ya wapi. Kikiwa kimepotea, msibahatishe.

Fyuzi iliyokatika ina sababu. Kuweka kubwa zaidi, au kuzungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ni kuufanya waya wenyewe uwe fyuzi, na waya huo unapita nyuma ya dashibodi pamoja na wenzake thelathini. Ikishika moto pale, hakuna atakayefika kuizima kwa wakati. Naomba sana, vijana, jambo hili lisifanyike katika garaji zenu hata mteja akiwasukuma.

Badala yake, tafuteni ni lini inakatika. Ikikatika mara tu kontakti inapowashwa, kabla ya kugusa komodo, waya unaokwenda komodo au ule unaokwenda mota moja kwa moja unagusa chuma mahali. Ikikatika pale unapovuta komodo, chomoa plagi ya mota, weka fyuzi mpya ya kipimo sahihi, vuta tena. Ikishika, waya ni mzima, tatizo liko mbele. Sasa ondoa ile nati inayounganisha mota na fimbo, rudisha plagi, jaribu tena. Mota ikizunguka peke yake bila kuchoma fyuzi, mota haina kosa. Fimbo na vikombe vyake ndivyo vimekauka. Ikichoma hata ikiwa huru, hapo mota imejihukumu yenyewe.

Kama waya ndio unaogusa chuma, usiendelee kuunguza fyuzi kumi. Chukua balbu ya indiketa, volti 12, wati 21, iunge waya mbili, uiweke mahali pa fyuzi, plagi ya mota ikiwa imechomolewa. Balbu ikiwaka kwa nguvu, mguso upo, na balbu yenyewe inazuia umeme usizidi ampea 2, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Sasa tembea na waya, utikise, uvute, uinamishe kidogo kidogo. Mahali balbu inapozimika ndipo ganda la waya limechubuka. Angalieni hasa pale waya unapopita kwenye tundu la chuma kati ya injini na dashibodi. Pete ya mpira ikikauka, chuma kinakata kama wembe.

Balbu hiyo hiyo ya wati 21 ndiyo chombo ninachotaka kila mmoja wenu awe nacho mfukoni, na nitaeleza kwa nini inashinda multimeta, kile chombo cha kupimia umeme kwa namba, katika kazi hii.

Tazameni waya huu ulio mezani. Una kiungo katikati, na kutu imekila karibu chote. Nikiweka multimeta, inasoma volti 12.6, sawasawa na betri. Fundi anasema umeme upo, basi mota ndiyo mbovu. Sasa naweka balbu. Mnaona, inawaka kama mshumaa unaokwisha, na kiungo kile kimeanza kupata joto. Multimeta haikusema uongo. Yenyewe inakunywa umeme kidogo mno, karibu na sufuri, na umeme mdogo hivyo unapita hata kwenye kiungo kibovu bila volti kupungua. Mota inataka ampea 4. Waya lazima upimwe ukiwa umebeba mzigo wake, jinsi unavyojaribu kamba kwa kuninginia, wala si kwa kuitazama.

Hesabu yake ni fupi, iandikeni. Kiungo kilichoota kutu chenye ukinzani wa omu 0.5, umeme wa ampea 4 ukipita, hula volti 2. Mota inabaki na volti 10 na kitu, inatembea kwa uchovu. Na zile volti 2 hazipotei hewani: mara ampea 4 ni wati 8 za joto, ndani ya kiungo kisichozidi punje ya mahindi. Joto hilo huongeza kutu, kutu huongeza ukinzani, hadi siku kinakatika. Linganisheni na waya mzima: mita moja ya shaba ya milimita mraba 1.5 ina omu kama 0.012 tu.

Sisi ni watu wa shaba. Mkoa wetu uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na jiwe la kijani la malakiti tunalifahamu tangu utoto. Ule ukungu wa kijani kwenye vichwa vya waya ni jamaa wa jiwe hilo: shaba iliyoungana na hewa na maji. Ni mzuri ukitengenezwa mkufu, lakini haupitishi umeme. Ukiukuta kwenye kichwa cha waya, usiukwangue juu juu tu. Menya ganda sentimita tatu nne, uone kijani kimeingia hadi wapi. Kama nyuzi ndani zimekuwa nyeusi, kata mpaka ufike shaba nyekundu inayong'aa.

Sasa kipimo chenyewe, kile ambacho kingeokoa mota nyingi. Betri iwe imejaa, karibu volti 12.6 ikiwa imepumzika. Mwagia kioo maji. Weka multimeta kwenye volti za moja kwa moja (DC), kipimo cha 20. Usichomoe plagi ya mota. Ingiza sindano nyembamba nyuma yake, kando ya waya, ufikie chuma. Washa waipa mwendo wa polepole. Kwanza, waya mwekundu wa multimeta kwenye kichwa cha kuongeza (+) cha betri, mweusi kwenye waya unaoingiza umeme motani. Namba unayoisoma ni volti zinazoliwa njiani. Isizidi 0.5. Pili, mwekundu kwenye waya wa masi wa mota, mweusi kwenye kichwa cha kutoa cha betri. Isizidi 0.2. Ikizidi, sogeza sindano kiungo kwa kiungo kuelekea betri. Mahali namba inaposhuka ghafla, umekipita kiungo kibovu. Kiko kati ya hapo na pale ulipotoka.

Na mota ikiwa haizunguki kabisa? Acha plagi imefungwa, vuta komodo, pima kila waya ukilinganisha na kichwa cha kutoa cha betri. Ukikuta volti 12 kwenye waya wa kuingiza na sufuri kwenye masi, umeme umefika, njia ya kurudi ipo, na mota imekataa. Hapo tu ndipo una ruhusa ya kuifungua. Lakini ukikuta volti 12 hata kwenye waya wa masi, usishangae, na usibadilishe kitu: masi imekatika, umeme umepita ndani ya mota na kugonga ukuta. Chukua waya wa milimita mraba 2.5, unganisha masi ya mota na kichwa cha kutoa cha betri. Waipa zitaruka.

Kwa nini masi? Kwa sababu mota hukalia vipande vya mpira ili isitetemeshe gari, na mpira haupitishi umeme. Hivyo masi yake inategemea waya mmoja na boliti moja. Gari likigongwa na kupakwa rangi upya, wapaka rangi hupitisha rangi juu ya chuma pale boliti inapokaa. Boliti imekazwa vizuri, kwa macho haina kosa, lakini chini yake kuna ngozi ya rangi. Fungua, kwangua hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi kwa juu, si katikati.

Tukija kwenye mota yenyewe. Mota nyingi za waipa zina sumaku za kudumu na kaboni tatu, vile vipande vinavyosuguana na shaba inayozunguka ili kuipa umeme. Moja ni ya pamoja, moja ya mwendo wa polepole iliyokaa kinyume chake, na ya tatu imewekwa pembeni kidogo. Umeme ukiingia kwa hiyo ya pembeni unapita mizunguko michache ya waya, ndiyo maana mota inakimbia. Basi mkiona mwendo wa haraka unafanya kazi na wa polepole umekufa, au kinyume chake, msiguse masi wala fyuzi. Hizo ni za wote wawili. Tafuteni kwenye kaboni ile moja, waya wake, au kituo chake ndani ya komodo. Kupima ni rahisi: umeme ukifika kwenye plagi ya mota na mota ikakataa, ni kaboni. Usipofika, ni komodo au waya.

Kaboni iliyokwisha ina dalili. Gonga mwili wa mota taratibu kwa mpini wa bisibisi huku komodo ikiwa imevutwa. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni haigusi vizuri. Nimesema taratibu kwa sababu sumaku za ndani ni ngumu lakini zinavunjika kama sahani, na kipande kikidondoka mota hiyo haina dawa. Ukiifungua, safisha shaba inayosuguana na kaboni kwa msasa laini kabisa, toa unga mweusi kwenye mifereji yake kwa kijiti. Kaboni zinazouzwa sokoni zinaweza kuchongwa zikae, ila ziteleze kwenye nyumba zake bila kukwama, na chemchemi iwe na nguvu.

Mwendo unaotosha ni upi? Kanuni ya Marekani inayoitwa FMVSS 104 inataka waipa iwe na mwendo mmoja wa angalau mizunguko 20 kwa dakika, mwingine wa angalau 45, na tofauti kati yake isipungue 15. Mzunguko mmoja ni kwenda na kurudi. Shika saa, mwagia kioo maji, hesabu. Ni kipimo kisichogharimu chochote, na mteja anakiona kwa macho yake.

Nakuja sasa kwenye sehemu inayowachanganya wengi, hata wenye miaka mingi: swichi inayoilaza waipa. Ukizima komodo waipa ikiwa katikati ya kioo, haisimami pale. Inaendelea hadi chini, inalala, ndipo inasimama. Nani anaipa umeme wakati swichi imezimwa? Ni sahani ndogo ya shaba iliyo ndani ya sanduku la gia la mota, pamoja na ulimi unaoteleza juu yake.

Kwenye Toyota nyingi, ambazo ndizo zimejaa barabara zetu, waya za mota zina majina: +1 ni mwendo wa polepole, +2 wa haraka, B ni umeme wa kontakti usiokatizwa na komodo, E ni masi, S ni ule waya wa kulaza. Waipa ikiwa popote isipokuwa chini, sahani inaunganisha S na B. Umezima komodo, komodo inaunganisha S na +1. Basi umeme unatoka B, unapita S, unaingia +1, mota inaendelea. Ikifika chini, sahani inaachana na B na kuishika E. Sasa pande zote mbili za mota ziko kwenye masi, na mota inayozunguka hivyo inajifunga breki yenyewe. Ndiyo maana waipa nzima inasimama pale pale bila kuyumba.

Ukielewa hayo, magonjwa yanajieleza. Waipa ikisimama mahali ulipoizima, iache katikati ya kioo, kontakti iwashwe, upime. B haina umeme? Waya wake au fyuzi. B inao, S hauna? Sahani ndani ya mota imechafuka au ulimi umepinda. S inao, +1 hauna? Komodo, au rele iliyo njiani. Waipa ikikataa kusimama, chomoa rele kwanza. Ikisimama, rele imegandana. Isiposimama, sahani haiachani na B. Na ile inayofika chini, ikasita, kisha ikapanda tena yenyewe, imekosa breki: njia ya sahani kwenda E imekatika, mota inapita kwa kasi yake hadi inashika B tena.

Sahani hiyo ukiitoa utaikuta imefunikwa na grisi nyeusi iliyochanganyika na unga wa shaba. Ioshe kwa spiriti, inyooshe ulimi taratibu, paka grisi mpya nyembamba. Saa moja ya kazi, na mota haibadilishwi. Ila jihadharini na kitu kimoja: shofere akizima kontakti kabla ya kuzima komodo, waipa itabaki katikati katika magari mengi. Huo si ugonjwa, kwa kuwa B imekatiwa umeme. Mwelezeni tu.

Magari mengi ya Ulaya hayana majina hayo. Yana namba za Kijerumani. 53 ni polepole, 53b ni haraka, 53a ni umeme wa kulaza, 53e ni njia ya breki, 31 ni masi. Kazi ni ile ile.

Ninasema haya kwa sababu ya jambo la hapa petu: magari yaliyokuja na usukani kulia yakahamishiwa kushoto. Ukihamisha usukani unahamisha na komodo, na waya zake zinarefushwa. Nusu ya magonjwa ya ajabu ya waipa yanaanzia kwenye viungo hivyo, vilivyosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu. Tepu ikipata joto la miaka miwili gundi inatoka, kiungo kinabaki uchi. Na aliyebadilishana S na +2 anapata gari ambalo waipa zake hulala zinapotaka. Kama komodo imetoka gari la aina nyingine, usiamini rangi za waya hata kidogo. Chomoa plagi, weka multimeta kwenye sauti, ile alama inayolia waya zikiungana, sogeza komodo kituo kwa kituo, andika nani anaungana na nani. Kisha ndipo uunge. Viungo visikae vyote mahali pamoja. Vipishane sentimita tano tano, vichomwe risasi na kuvikwa mpira unaobana kwa joto. Waya wa kurefusha usiwe mwembamba kuliko ule wa gari, na ukizidi mita mbili, tumia milimita mraba 2.5.

Juu ya mwendo wa kupumzika-pumzika, ule wa kufuta mara moja, kutulia, kufuta tena, sitakaa sana. Mmarekani Robert Kearns aliomba hataza yake mwaka 1964, na wazo lake bado linafanya kazi: kondensa, kifaa kinachohifadhi umeme, inajaa polepole kupitia ukinzani, ikijaa inaamsha waipa mara moja, inaanza upya. Kama mwendo huo pekee umekufa na mingine ni mizima, tatizo ni rele yenye kifaa hicho au kile kigurudumu cha komodo. Kwenye baadhi ya magari mapya kompyuta ndiyo inayoamuru, mota ina waya tatu tu: umeme, masi, na waya mwembamba wa mawasiliano. Huo mwembamba usiuguse na balbu ya wati 21, unaweza kuua kompyuta. Pima umeme na masi kama kawaida; vikiwa sawa, tafuta mwenye mashine ya kusoma makosa.

Maji. Chini ya kioo cha mbele kuna beseni lililofunikwa na plastiki nyeusi yenye matundu. Mota hukaa humo au karibu sana. Beseni lina mifereji miwili, kulia na kushoto, ya kumwaga maji chini. Sasa fikirini haya maua ya jakaranda, yanadondoka siku zote za mwezi huu, yanaingia matunduni, yanakutana na vumbi jekundu, na mvua ya kwanza inayageuza kuwa udongo wa mfinyanzi. Mfereji unaziba. Beseni linajaa, mota inaogelea, na maji yakizidi yanapita kwenye tundu la hewa hadi miguuni pa abiria au kwenye sanduku la fyuzi. Fungueni plastiki hiyo mwezi huu, toeni uchafu kwa mkono, mwageni lita mbili za maji mtazame yanatokea chini pande zote mbili. Shofere anaweza kuifanya mwenyewe bila fundi.

Kwa wenye malori: volti ni 24. Balbu iwe ya volti 24, la sivyo inaungua. Na acheni ile tabia ya kufunga mota ya volti 12 kwa kuiba umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo inachoka, mwenzake anajazwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa.

Mwisho, mikono. Fimbo za waipa zina nguvu ya kukata kidole, na mota iliyosimama katikati huamka yenyewe ijilaze kontakti ikiwashwa. Kabla ya kuingiza mkono ndani ya beseni, ondoeni waya wa kutoa wa betri. Kufunga tena, msirudishe mikono ya waipa haraka. Kwanza rudisheni plagi na betri, washeni kontakti, wekeni waipa kwenye polepole, zimeni komodo, acheni mota ijilaze yenyewe. Sasa fimbo iko mahali pake pa chini, na mikono inafungwa ikiwa imelala. Ukiifunga mota ikiwa katikati, mzunguko wa kwanza unagonga nguzo ya kioo na kuvunja meno.

Hapa mezani kuna mota ya Corolla, betri, fyuzi ya ampea 20 kwenye waya, na balbu. Mota nimeiharibu kwa makusudi mahali pamoja. Vijana wa mbele, njooni wawili wawili, mpime kabla ya kufungua hata skrubu moja, kisha mniambie ni waya upi.